Asilimia nane za hisa mia tano

Najua nimepotea, ni majaribio tu, na bado moja la saikolojia ya elimu Ijumaa. Nilikuwa nimejiapiza kutoandika chochote mpaka lipite ila jana usiku limetokea jambo pale koridoni nikashindwa kulala nalo.

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole kweli, kanifuata na simu mkononi. "Dada shikamoo, wameniambia wewe ndiyo mtu wa soko la hisa. Bumu limeingia. Hii hapa imepanda asilimia nane leo, niingie?" Nikamuuliza, zimeuzwa hisa ngapi leo? Hajui. Kuna watu wangapi wanasubiri kununua? Hajui. Nikafungua kauntabuku yangu nikamwonyesha: kampuni nzima, siku nzima, hisa mia tano, dili mbili. Hela yote iliyopita pale haikufika laki moja na nusu. Yaani watu wawili wamekubaliana bei, basi, na huku chuoni tunatangaziana kwamba soko linawaka moto.

Kabla hamjanirushia mawe niseme wazi kwamba mimi mwenyewe ni mgonjwa wa hii kitu. Tangu mwaka wa kwanza kila jioni soko likifunga nakaa na kalamu nanakili bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE. Mwenzangu wa chumba anasema wenzake wana tamthilia, yeye kapewa mtu wa namba. Teh teh. Kwa hiyo sigombi na kufuatilia. Nagombana na hawa kaka zangu (na dada wawili watatu, tusijifiche) walioanza kujiita "wafanyabiashara wa hisa" kwa sababu tu wanajua nani leo kijani na nani nyekundu.

Tatizo lenu ni moja, mnasoma safu moja tu. Taarifa ya siku ina bei ya kufungua, ya kufunga, idadi ya hisa zilizouzwa, thamani yake, idadi ya dili, na oda za kununua na za kuuza zilizobaki mezani. Ninyi mnaruka zote mnaenda kwenye asilimia. Mnachora na mishumaa yenu mliyofundishwa na video za Marekani. Sasa kule hisa za Apple peke yake hubadilisha mikono kwa makumi ya mamilioni kwa siku, mshumaa una cha kusema. Huku kwetu kampuni inaweza kumaliza wiki bila hisa hata moja kuuzwa, na wewe umeiwekea mstari unasema "imepata sakafu". Sakafu gani? Hakuna mtu aliyeingia chumbani!

Chukueni TBL. Nilichimba taarifa za nyuma nikaona miaka ya 2021 na 2022 bei yake imeganda kwenye shilingi 10,900, ukurasa kwa ukurasa, 10,900, 10,900, nikadhani nimekosea kunakili. Je kiwanda kilisimama? Watu waliacha kunywa bia? Thubutu. Vodacom nayo ilikaa 770 muda mrefu vilevile. Bei isiyotikisika haimaanishi kampuni imetulia. Mara nyingi ni kwamba hakuna aliyeuza au kununua kwa bei nyingine.

Halafu hili la "soko limepanda leo" ndilo linanikera kuliko yote. Limepanda lipi? DSE ina faharisi mbili kubwa. Ile DSEI inahesabu kampuni zote, pamoja na za Kenya zilizoorodheshwa pia hapa kama KCB na EABL. Hizo hisa Dar ni nadra kuuzwa, biashara yake iko Nairobi. Kwa hiyo bei ikipanda Nairobi, au shilingi ya Kenya ikipata nguvu mbele ya yetu, DSEI inapanda na kule Dar hakuna aliyenunua kitu. Ile ya kampuni za ndani tu inaitwa TSI. Mnaoweka picha ya DSEI kila jioni na kushangilia, siku nyingine mnashangilia hali ya hewa ya Nairobi.

Tuje kwenye hela, maana hapa ndipo panaponiuma. Dalali anachukua hadi asilimia 1.7 kwa dili la chini ya milioni 10, na sisi wote tuko chini ya milioni 10, tusidanganyane. Ongeza vitozo vya soko, vya mamlaka ya mitaji na vya hifadhi ya hisa, inavuka asilimia 2. Hiyo ni kununua. Ukiuza unalipa tena. Yaani hujapata hata senti mpaka bei ipande zaidi ya asilimia 4. Una laki mbili na unazunguka mara kumi kwa mwaka kama mnavyoshauriana? Umeacha kama elfu themanini njiani. Na bado sijagusa pengo kati ya anayenunua na anayeuza: muuzaji anataka 500, mnunuzi wa juu kabisa anatoa 470. Ukinunua kwa 500 na ukaamua kuuza dakika hiyohiyo, umeshapoteza 30 kwa kila hisa. Hizi hesabu ni za darasa la saba, tena kuna watu humu wanakwenda kufundisha hesabu.

Simtaji jina, anajijua na ameniruhusu. Muhula uliopita aliweka sehemu kubwa ya bumu kwenye kampuni moja ndogo kwa sababu ilikuwa kijani siku tatu mfululizo. Mpango wake ulikuwa akae wiki mbili atoke na faida, anunue laptopu ya mtumba. Siku ya kutoka ilipofika oda za kununua zilikuwa sifuri. Kesho yake sifuri. Akashusha bei, sifuri. Kwenye simu salio lake lilikuwa linaonyesha faida mpaka siku ile tunaondoka kwenda kufundisha kwa vitendo, na nauli ya kumfikisha shule aliyopangiwa akakopa kwangu na kwa mama muuza uji. Faida anaiona, nauli hana. Ndiyo maana jana sikulala.

Najua mtanijibu na CRDB. Sawa, tuizungumze. Mwaka 2009 iliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya hiyo 150, miaka kumi baadaye! Mwaka 2024 ikavuka 600. Gawio kwa hisa moja lilikuwa shilingi 45 kwa mwaka 2022, 50 kwa 2023 na 65 kwa 2024. Sasa niambieni ukweli, wewe unayeshika simu kila saa, mwaka 2019 usingeuza? Ungeuza mchana kweupe ukaandika "nimejiokoa". Na kilichobadilika pale ni faida ya benki, ipo kwenye taarifa za fedha za kila robo mwaka, kurasa ambazo sijawahi kuona mmoja wenu akizituma kwa wenzake.

Ila msinigeuzie maneno kwamba nasema nunua ukalale. Waliochukua Vodacom kwa 850 mwaka 2017, wale waliolala waliamka na 770. Kulala pia kunahitaji kujua umelalia nini.

Yule kijana nimemwambia aje Jumamosi baada ya chakula cha mchana na kikokotoo, bumu aliache benki lilipo. Nitampa kauntabuku, achague kampuni moja anakili safu zote miezi miwili bila kununua kitu, kisha aniambie mwenyewe siku ngapi angeweza kuuza kama angetaka. Mwingine anayetaka aje, chumba kinatosha watu wanne, wa tano akae kwenye ndoo.

Ngoja nikimbie, maji yametoka bomba la chini na foleni imeshafika ngazini.