Vitenzi Kwanza: Maoni Kuhusu Anayeanza Kutumia Kompyuta ya Mkononi

Mijadala ya istilahi za teknolojia katika Kiswahili imekuwa, kwa sehemu kubwa, mijadala ya nomino. Tumebishana juu ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Tumebishana juu ya simu ya mkononi na rununu. Na kishikwambi nacho kimepata watetezi na wapinzani wake. Makala haya hayakusudii kuongeza jina jingine. Hoja yetu ni kwamba mtu anayekabidhiwa chombo cha namna hii kwa mara ya kwanza hakwami kwenye jina lake. Hukwama kwenye vitenzi vyake, na upande huo wa lugha hatujaushughulikia ipasavyo.

Kompyuta ndogo za kiganjani, zilizokusudiwa kutunza miadi, anwani na kumbukumbu za mwenyewe, zilienea ughaibuni katika miaka ya 1990. Newton ya kampuni ya Apple ilitoka mwaka 1993, na Pilot ya Palm mwaka 1996. Zote mbili ziliandikiwa kwa kalamu juu ya kioo, lakini kwa misingi tofauti. Newton za awali zilitegemea sana orodha ya maneno iliyomo ndani ya chombo. Msomaji wa jarida hili ataona mara moja tatizo lililomo: kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa maumbo mengi mno (hawakutuandikia, tukiandikiana, asingeniandikia) hata orodha ya namna hiyo isiweze kuyameza. Pilot, kinyume chake, ilisoma herufi moja moja, na kwa hiyo haikujali lugha. Aliyeanza kuitumia alijifunza umbo la kila herufi, ambalo aghalabu lilichorwa kwa mkato mmoja. Hata hivyo, alama za uakifishi zilidai kwanza nukta ya kuzitangulia. Aliyetaka kuandika ng'ombe alilazimika kusimama katikati ya sauti moja ya lugha yake ili aombe ruhusa ya kuweka ritifaa.

Vyombo hivyo havikutupita kando. Mwaka 2004 watafiti wa afya wa Ifakara walivitumia kukusanya takwimu za kaya zaidi ya 20,000 katika wilaya tano za mikoa ya Lindi na Mtwara. Miaka 18 baadaye, katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walibeba vishikwambi nchi nzima, na watu 61,741,120 wakahesabiwa. Nadhani ni sensa hiyo, kuliko kikao chochote cha wataalamu, iliyolitia neno kishikwambi vinywani mwa watu. Jina lilienea katika muda mfupi sana. Vitenzi je?

Tuchukue kata ya Olasiti, pembezoni mwa Jiji la Arusha, ambako Kiswahili hukutana kila siku na Kimaasai cha Waarusha, Kimeru, Kichaga na lugha za wahamiaji wengine. Anayeanza hapo huambiwa gusa, bonyeza, shikilia, buruza, hifadhi, tuma. Vinne vya kwanza ni vitenzi vya mkono, na mkono huvielewa. Hifadhi ni jambo jingine. Chini ya Mlima Meru neno hilo, likiwa nomino, ni kwanza kabisa msitu na wanyama, mahali ambapo haichukuliwi hata kuni. Mwanafunzi anaweza kwa haki kabisa kudhani kwamba kilichohifadhiwa kimekwisha kufika mahali salama, mbali na mikono yake. Kumbe katika vyombo vingi vya kukusanyia takwimu dodoso lililohifadhiwa lingali ndani ya chombo mpaka litumwe. Na katika Pilot za awali hata hicho kilichohifadhiwa kilitoweka betri zikiisha kabisa. Asiyetofautisha vitenzi hivi viwili anaweza kupoteza kazi ya siku nzima, na kaya iliyojibu maswali yake ikawa kana kwamba haikuulizwa.

Mfano wa pili ni sawazisha. Mwenye kompyuta ya kiganjani ya zamani alikuwa na kazi mbili za mwanzo: kugusa alama za msalaba ili kioo kijue kalamu imegusa wapi, na kuunganisha chombo na kompyuta ya mezani ili yaliyomo katika vyote viwili yafanane. Sawazisha linaweza kubeba maana zote mbili, na hiyo ndiyo kasoro yake. Tungependelea rekebisha kwa kioo na oanisha kwa yaliyomo. Atakayeleta bora zaidi tutamfuata.

Yupo atakayesema kwamba umma hujitafutia vitenzi vyake bila sisi. Ni kweli. Kubipu kulizaliwa bila kamati na kukapata unyambuaji wake upesi, na menyu za huduma za fedha za simu, tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, zimewazoesha mamilioni ya watu ingiza, weka na thibitisha. Wala hatuna ugomvi na ukopaji: kuseivu kunaeleweka, na asili ya neno si hoja yetu. Hoja ni pale kitenzi kimoja kinapofunika matendo mawili ambayo matokeo yake hayafanani. Mazungumzo ya mtaani hayalazimiki kuvitenganisha. Mwongozo wa chombo hulazimika.

Kwa hiyo tungependa kuona wanafunzi wa uzamili wakiacha kwa muda kuhoji watu iwapo wanalipenda jina fulani, wakaenda kukaa pale mafunzo yanapotolewa, wakarekodi vitenzi vinavyotumika kabla ya kupendekeza vya kwao. TATAKI na BAKITA wangekuwa na data ya kujadili badala ya ladha za wajumbe. Pa kuanzia si mbali: fundi simu wa Olasiti, mteja anapotaka picha zake zihamie kwenye simu mpya na zisipotee kwenye ya zamani, humwagiza afanye nini, na kwa kitenzi kipi?