27 Agosti: Siku ya Katiba na deni la Pwani

Mwaka 2025 serikali iliitangaza tarehe 27 Agosti kuwa Siku ya Katiba. Mimi nilifurahi. Lakini tulipokuwa tunaizungumza barazani, kijana mmoja akaniuliza, "Ami, hiyo si ndiyo siku aliyouawa Aboud Rogo?" Wazee wakatazama vikombe vyao vya kahawa. Nami sikumjibu. Leo namjibu.

Naam, ndiyo siku hiyo. Tena historia ya mwambao wetu imepita katika tarehe hii zaidi ya mara moja.

Mara ya kwanza ni mwaka 1896, Unguja. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza, ambao walikuwa na mtu wao. Akapewa makataa: atoke kabla ya saa tatu asubuhi tarehe 27. Hakutoka. Dakika chache baada ya saa tatu, manowari zikaanza kupiga mizinga. Vita vilimalizika kwa muda wa dakika arubaini hivi, na vinahesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, baadaye akakamatwa na kupelekwa uhamishoni, na mwisho alifia hapa hapa Mombasa mwaka 1927. Siku ile hakukuwa na kadhi wala hakimu wa kuamua nani ana haki. Mwenye nguvu mpishe.

Mara ya pili ni mwaka 2010. Ilikuwa Ijumaa, tumo katika mfungo wa Ramadhani, Rais Mwai Kibaki alipoitangaza rasmi Katiba mpya katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Waislamu tulikuwa na sababu yetu ya kufuatilia, kwa kuwa Mahakama za Kadhi zilikuwa zimepigiwa kelele sana kabla ya kura ya maoni, na zikabaki. Lakini kubwa zaidi lilikuwa la kila Mkenya. Kifungu cha 26 kinalinda uhai. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Kwa maneno mepesi: ya 1896 yasirudi tena.

Mara ya tatu ni mwaka 2012, miaka miwili kamili baadaye. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi akafa ndani ya gari, hadharani, hapa Mombasa, akiwa na mkewe. Alikuwa na kesi mahakamani. Umoja wa Mataifa ulikuwa umemwekea vikwazo kwa tuhuma za kuwasaidia al-Shabaab. Wengi wetu hatukukubaliana na mahubiri yake, na sioni haya kulisema. Lakini Katiba haikuandikwa kwa ajili ya watu tunaowapenda peke yao. Kama alikuwa na hatia, hakimu angesema. Kama hakuwa nayo, hakimu angesema pia. Waliomuua walituziba sote masikio.

Kisha zikafuata ghasia. Makanisa yalishambuliwa, maafisa wa polisi wakauawa. Nao pia walikuwa na haki ya kuishi, na majirani zetu Wakristo hawakuwa na kosa lolote. Anayelilia damu moja na kuifumbia macho nyingine hatafuti haki.

Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji ya Rogo. Mwaka 2014 Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, naye aliuawa kwa risasi. Na kila faili inayofungwa bila jawabu, wanaowasajili vijana wetu hupata hotuba ya bure: "Mwaona? Sheria hiyo si yenu." Mzazi utamjibuje mwanao?

Ndiyo maana nasema Siku ya Katiba, kwa sisi wa Pwani, isiwe ya hotuba na fulana. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya kuchunguza vifo vyenye utata. Utekelezaji wake umecheleweshwa mno. Wabunge wetu waulize kwa nini. Maseneta waulize faili za waliouawa na waliopotea zimefikia wapi, wa kila dini, raia na polisi. Nasi wenye kuona tukubali kutoa ushahidi, ila serikali nayo iwalinde mashahidi kwa vitendo.

Kijana wangu, jawabu ndilo hilo. Ndiyo siku aliyouawa Rogo, na ndiyo siku tuliyoahidiwa kwamba hakuna atakayeuawa hivyo. Ahadi ni deni, na 27 Agosti ni siku ya kulidai.