Njia ya kwenda kwa babu na bibi ifunguliwe

Shule zinapofungwa Julai, familia nyingi za Goma hutamani kuwapeleka watoto kwa babu na bibi huko Masisi, kwa barabara ya taifa namba 2 inayopita Mubambiro na Sake. Kijijini mtoto hujifunza kukama ng'ombe, kuchimba viazi na kusema lugha ya wazee wake.

Vita vimeharibu safari hiyo. Februari 2024 mapigano karibu na Sake yaliwakimbiza maelfu ya watu kuelekea Goma. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Mabomu yasiyolipuka yamebaki mashambani, na mtoto mdogo huyadhania vitu vya kuchezea.

Tunataka serikali ya Kongo, M23 na wapiganaji wa Wazalendo waondoe vizuizi vinavyowatoza raia pesa, na wawape nafasi wataalamu wa kutegua mabomu. Wazazi nao waulizie usalama wa njia kabla ya kuondoka, na wawakanye watoto wasiguse chuma wasichokijua.

Kumjua bibi ni haki ya mtoto. Haki hiyo isingojee mazungumzo ya amani ya Doha na Washington yamalizike.