UKURASA WA NYUMBANI: Malalo ya Sungura na Uzazi Wake wa Kwanza

Sungura tuliyemzoea tangu utotoni ni yule wa hadithi, mjanja wa porini alalaye popote majanini. Huyo hahitaji tandiko. Watoto wake huzaliwa na manyoya mwilini na macho yaliyofunguka, na mama yao huwaficha katika nyasi bila kujenga chochote. Kwa sababu hiyo wengi wanaoanza kufuga sungura wa kibandani hudhani kwamba naye yu vivyo hivyo. Dhana hiyo ndiyo iuayo uzazi wa kwanza katika nyumba nyingi.

Ukweli ni kwamba wawili hao wanashirikiana jina tu. Asili ya sungura wa kufugwa ni Ulaya, katika nchi za Hispania na Ureno, na wenzake wa porini huishi katika mashimo ya ardhini. Jike akaribiapo kuzaa hutandika shimo kwa nyasi kavu na kwa manyoya anayojinyofoa mwenyewe, akazaa humo, kisha huufukia mlango kila atokapo. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, na kila mmoja ana uzito wa gramu 40 hadi 60 tu. Mama hawaatamii kama kuku. Huwaendea mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku au alfajiri, akawanyonyesha kwa dakika 3 hadi 5, kisha akaondoka. Muda wote uliobaki, kinachowahifadhia joto ni tandiko. Basi si kosa kusema kwamba tandiko ni mama wa pili wa sungura mchanga, na mama huyo hana budi awe tayari kabla ya jike kupelekwa kwa dume.

Malalo ya kila siku

Tuanze na kibanda chenyewe. Sakafu ya fito za mianzi, zilizoachana kiasi cha sentimita 1 na nusu, huangusha mavi na mkojo chini bila kunasa mguu. Penye sakafu ya waya, weka ubao wa kupumzikia, kwa maana waya huchubua nyayo, na mnyama mwenye vidonda vya nyayo hula kidogo na kudhoofu. Tandiko lililolowa mkojo hutoa hewa kali. Ukiinamia kibandani ikakuwasha puani, tambua kwamba sungura ameivuta usiku kucha. Hewa hiyo hudhuru mapafu, na unyevu wake hustawisha vijidudu vya kuhara vinavyowafagia watoto.

Tandiko bora ni nyasi laini zilizoanikwa juani hata zikakauka barabara, zisizo na ukungu wala vumbi. Majani makavu ya mgomba au maganda ya mahindi yaliyochanwachanwa yafaa pia, na chini yake maranda safi ya seremala hufyonza unyevu. Epuka unga wa msumeno, kwani huingia puani na machoni. Epuka maranda ya mti wenye harufu kali kama mwerezi, na ya mbao zilizotiwa dawa au rangi. Usitumie nyasi mbichi, ambazo huvunda na kupata ukungu. Tena usitie matambara wala nyuzi katika malalo ya watoto: uzi mmoja waweza kuufunga mguu mchanga hata ukafa ganzi, au kumnyonga mtoto.

Kumpandisha jike kwa mara ya kwanza

Jike wa kabila la ukubwa wa wastani asipandishwe kabla ya miezi 5 au 6, na uzito wake uwe umefika walau robo tatu ya ule wa mkubwa wa kabila lake. Aliye mwembamba mno hatakuwa na maziwa, na aliyenenepa kupita kiasi huenda asishike mimba. Dume asiwe ndugu yake.

Jike ndiye apelekwaye kwa dume, wala si dume kwa jike. Sababu yake ni kwamba jike hulinda makao yake kwa meno na kucha, na dume mgeni aweza kujeruhiwa. Sungura hana siku zake za joto zinazofuatana kwa mpango kama ng'ombe. Mayai yake huachiliwa baada ya kupandwa, upatapo muda wa saa 10. Hata hivyo si kila siku atakubali. Tazama uke wake: ukiwa mwekundu na wenye unyevu, yu tayari, ukiwa mweupe na mkavu, mrudishe ukangoje siku chache. Dume akimaliza kazi huanguka ubavu, mara nyingi kwa kuguna. Mtoe jike hapo, wala usiwaache pamoja usiku kucha.

Andika tarehe ukutani siku hiyo hiyo. Mimba huchukua siku 31 hivi, na mfugaji asiyeandika tarehe hatajua siku ya kutandika. Siku ya 14 waweza kupapasa tumbo taratibu kwa vidole. Ukigusa vijiduara vilaini kama gololi ndogo, mimba ipo. Usibonyeze kwa nguvu. Jike akianza kujinyofoa manyoya siku ya 16 hadi 18, huenda ni mimba ya uongo, nayo huisha yenyewe.

Sanduku la kuzalia

Siku ya 28 ingiza sanduku. Ukiliweka mapema zaidi, jike atalifanya choo. Urefu wa sentimita 45, upana wa 30 na kimo cha 30 watosha kwa sungura wa wastani. Upande wa mbele uwe na kimo cha sentimita 15, ili mama aruke kuingia na watoto wasimwagike nje. Toboa matundu machache chini ili mkojo upite. Tandaza maranda kiasi cha sentimita 5, kisha lijaze nyasi kavu bila kuzishindilia, na kwa ngumi yako fanya shimo dogo upande wa nyuma. Mama atamaliza ujenzi kwa manyoya yake.

Kipimo cha tandiko hufuata hewa ya mahali. Katika vilima vya juu kama Mugamba, penye baridi ya usiku, usione uchoyo wa nyasi. Katika tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, sanduku lililojazwa mno huwachoma watoto kwa joto. Watoto wakitapakaa mbalimbali huku wakihema, punguza manyoya. Wakirundamana na kutetemeka, ongeza.

Siku ya kuzaa na zifuatazo

Kuzaa hutokea mara nyingi usiku, na hakuhitaji msaada wako. Kunahitaji maji safi tele na utulivu. Kiu, hofu na ugeni wa kazi ni miongoni mwa mambo yamfanyayo mama wa kwanza kuwala wanawe. Basi mbwa na watoto wa nyumbani wakae mbali.

Asubuhi paka mikono yako nyasi za kibandani ili ichukue harufu yake, kisha kagua sanduku. Ondoa aliyekufa na kondo lililobaki. Ikiwa mama hakujinyofoa manyoya, mnyofoe kiasi tumboni, yatatoka kwa urahisi, uwafunike watoto. Ukimkuta mtoto amezaliwa juu ya sakafu tupu, mwenye baridi na asiyetikisika, usimtupe upesi. Mama sungura habebi wanawe kwa mdomo kama paka. Asiporudishwa kwa mkono wa mtu, hatarudi. Mpashe joto viganjani au kando ya chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, kwani wengi wadhaniwao wamekufa huzinduka.

Mtoto aliyeshiba tumbo lake huwa la mviringo. Aliyekosa maziwa ngozi yake hukunjamana. Chuchu za mama kwa kawaida ni 8 hadi 10. Watoto wakizidi, mama mwingine aliyezaa karibu siku ile ile aweza kupewa baadhi yao. Ndiyo sababu wafugaji wenye busara hupandisha majike wawili kwa pamoja. Usisahau siafu pia: miguu ya kibanda isimame katika makopo ya maji, kwani kundi moja laweza kumaliza sanduku zima katika usiku mmoja.

Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12. Wakati huo ondoa nyasi zilizolowa, weka mpya, na urudishe manyoya makavu. Wafikapo majuma 3 watoto hutoka na kuonja chakula, na sanduku laweza kuondolewa. Waachishe kunyonya wakiwa na majuma 6, kisha umpumzishe mama kabla ya kumrudisha kwa dume.

Nyumba iliyonunua jike na dume kwa akiba ya ada ya shule hukata tamaa upesi uzazi wa kwanza ukipotea, na kibanda hugeuzwa kuni. Ewe mfugaji, usiharakishe kumhukumu jike kwa kosa la mara moja. Mpe nafasi ya pili, na umwondoe iwapo atarudia tena na tena. Lakini kabla ya kumlaumu, tia mkono wako ndani ya sanduku. Ukitoka na unyevu na baridi, aliyekosea si sungura.