Masurufu ya Watoto Watatu

 

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi, nikafikia kwa jamaa zangu mtaa wa Umoja. Baada ya sala ya Isha alinijia bibi mmoja aliyekwisha toka eda, mama wa watoto watatu. Baba yao humpelekea shilingi 6,000 kwa mwezi. Alipolalamika, aliambiwa: "Kila mtoto 2,000, hesabu imetimia." Akaniuliza, "Sheikh, hesabu gani hii?"

Nilimjibu kuwa hiyo ni hesabu ya kugawa, si ya kutosheleza. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe, kwa wema. Hakutajiwa idadi ya dirhamu. Kipimo cha kwanza, basi, ni mahitaji. Cha pili kimo katika Sura At-Talaq, aya ya 7, nacho ni uwezo wa mtoaji.

Tukaketi tukaandika. Kodi ya nyumba, maji na umeme 14,000, chakula 14,000. Hizo ni gharama za pamoja, na wanaoishi humo ni wanne, kwa hiyo fungu la watoto ni robo tatu, yaani 21,000. Kisha gharama za kila mmoja: mkubwa aliye sekondari 4,000, wa pili 2,000, mdogo kwa nepi na zahanati 2,500. Jumla ya yote, 29,500.

Tazameni tofauti. Karo ya watoto watatu ni karo tatu, lakini paa lao ni moja. Ndiyo sababu Uingereza, kwa mzazi wa kipato cha kawaida, kiwango cha msingi ni asilimia 12 ya pato kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, na 19 kwa watatu au zaidi. Na kwa sababu hiyo hiyo, mkubwa akijitegemea kesho, masurufu hayapungui theluthi nzima, kwani kodi iko pale pale. Kenya haina jedwali kama hilo. Hakimu hupima mahitaji ya watoto na hali ya wazazi. Basi mama asende mikono mitupu: awe na risiti za karo, za kodi na za dawa.

Tulimwita baba. Ni dereva, hubakiwa na 45,000, na ana mke mwingine na mtoto mchanga. Wale pia wana haki, lakini haki yao haifuti ya waliotangulia. Alipoiona karatasi alinyamaza, kisha akakubali 20,000: karo ya wawili, 6,000, ailipe mwenyewe shuleni, na 14,000 azitume kwa simu kabla ya tarehe 5. Zilizosalia, 9,500, mama aliridhia kuzitoa katika cherehani yake. Katiba ya 2010, ibara ya 53, imewapa wazazi wote wawili jukumu sawa. Katika sharia yetu mzigo huu ni wa baba, na anachotoa mama ni ihsani. Pato la baba likiongezeka, karatasi irudi mezani.

Niwausie jambo moja, enyi mama zetu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, masurufu ya mtoto yaliyopita hayawi deni juu ya baba ila kadhi awe ameyakadiria au ameruhusu kukopa. Anayesubiri miaka mitatu kwa kuona haya, huenda asidai kitu cha nyuma. Suluhu ya wazee ikishindikana, nendeni mapema kwa afisa wa watoto wa eneo lenu, na ikibidi Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Kudai haki ya mtoto si utovu wa adabu.

Nanyi akina baba, talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Mtoto hakuwapo mlipogombana, naye hapaswi kulala njaa kwa ugomvi huo.