Kilwa Haikuwa Jimbo la Maskati

Kwenye mzunguko wa barabara wa Bustan, mahali milima inapokaribia bahari nje kidogo ya Maskati, limesimama jahazi Sohar. Lilijengwa Sur mwaka 1980, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari. Novemba ya mwaka huohuo liliondoka Maskati na Mwingereza Tim Severin pamoja na mabaharia wa Kiomani, likatia nanga Canton Julai 1981. Mtu wa Lamu akilitazama haulizi ni chombo gani, anaukumbuka mtepe.

Si mbali na jahazi hilo, vijana wa nyumba zilizotoka Unguja, Pemba na Mombasa hukutana jioni. Nyumbani wanasema Kiswahili, shuleni Kiarabu, na kwenye michezo ya kompyuta Kiingereza. Wanaungoja mchezo wa tatu wa vita vya Zama za Kati katika mfululizo wa Total War. Wa kwanza ulitoka 2002, wa pili 2006, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Wameandika orodha ya mambo wanayotaka yawemo, wakaniletea. “Ami, tusahihishie lugha tu,” wakaniambia, “mengine tumeshakubaliana.”

Lugha nimeisahihisha. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Niseme kwanza kwamba mengi wanayoyaomba ni haki. Wanataka ramani ipanuliwe. Mchezo wa 2006 uliwaruhusu wachezaji kuvuka Atlantiki nzima na kupigana na Waazteki, lakini haukuwa na njia ya kufika Mogadishu, wala Kambaya, wala Kilwa, miji iliyofanya biashara ya dhahabu wakati London ilikuwa soko la sufu. Wanataka vita vya majini vipiganwe na mchezaji mwenyewe, kwa kuwa katika mchezo ule merikebu zilipokutana kompyuta ilikata shauri peke yake. Wanataka kuzingira miji kuchukue misimu, njaa iwepo, maradhi yawepo. Kwa haya yote mimi ni shahidi wao.

Kifungu cha saba ndicho nisichoweza kukitia mkono. Kinaomba iwepo dola moja iitwayo Oman na Zinji, mji wake mkuu Maskati, na tangu zamu ya kwanza Kilwa, Malindi, Mombasa na Mogadishu ziwe majimbo yake. Rangi ya bendera imeshachaguliwa.

Dola hiyo haikuwapo. Waomani waliitwaa ngome ya Mombasa kwa Wareno mwaka 1698, na hapo Zama za Kati zilikuwa zimekwisha miaka mia mbili nyuma. Maskati yenyewe, katika karne wanazozitaka vijana, haikuwa mji mkuu wa kitu chochote. Bandari kubwa ya pwani hii ilikuwa Qalhat, ambako kaburi la Bibi Maryam bado limesimama, na mkubwa wa bandari hizi alikuwa Hormuz. Bara walitawala Wanabahani, waliokuwa na kazi ya kutosha kutawala milima yao. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kisha akasafiri hadi Dhofari, baadaye Qalhat. Alikuta watawala mbalimbali wenye mambo mbalimbali. Hakuandika popote kwamba amevuka bahari akabaki ndani ya dola ileile.

Vijana wana hoja moja nzuri, nami sitaificha. Wananiambia: na Wanabahani wa Pate je? Habari za Pate zinasimulia, kweli, kwamba Mnabahani alikuja kutoka Oman. Lakini zinasimulia pia alivyoupata ufalme: alimwoa binti wa mfalme aliyemkuta. Aliingia kwa posa katika mji uliokuwa na wenyewe, na wajukuu zake wakawa watu wa Pate. Ukoo ulivuka bahari, serikali haikuvuka. Hadithi ya Kilwa inafanana nayo. Aliyetajwa kuwa mwasisi wake, Ali bin Hasan, anasemekana alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, na hata yeye hadithi inamtoa Shirazi, si Oman. Mchezo ambao kila mji hutwaliwa kwa kubomoa ukuta hauna mahali pa kuiweka nguo ile. Hilo ndilo lilipaswa kuombwa.

Mtaniuliza kwa nini mzee ajitie katika ugomvi wa bendera za kuchorwa. Kwa sababu nimeshaisikia hoja ya kifungu cha saba kutoka vinywa vingine. Kwa miongo mingi wataalamu wa kikoloni walitufundisha kwamba kila jiwe lililojengwa pwani ni la mgeni, na Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Somo hilo halikubaki darasani. Unguja mwaka 1964 liligeuzwa upande wa pili: ikiwa kila kilichojengwa ni cha Mwarabu, basi na aondoke nacho. Nyumba za wazee wa vijana hawa zilihama kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine. Sasa wajukuu wanaiandika hoja ileile kwa furaha, wakidhani wanajitukuza.

Nayo imeshakanushwa kwa jembe na kwa maabara. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya nane, ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo, ya baadaye ya mawe: mji uliokua mahali pake, haukushushwa kutoka jahazini. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani. Ulionyesha mchanganyiko wa Waafrika, hasa kwa upande wa mama, na watu wa Asia, hasa Waajemi, ulioanza karibu na mwaka 1000. Nasaba ya Uarabuni ilizidi baada ya 1500 hivi. Vijana wangu wanapenda sana neno “usahihi wa kihistoria”, limo katika orodha mara nne. Basi wausikilize usahihi huo unapowanyima bendera.

Wala wasidhani nawatetea Wakilwa kama malaika. Kifungu cha kumi na moja kinaomba sultani Hasan bin Sulaiman, Abu al-Mawahib, aliyejenga Husuni Kubwa, awe jemadari mwenye sifa ya ukarimu. Sifa hiyo imetoka kwa Ibn Battuta. Anasimulia kwamba maskini mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, sultani akamvulia. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na baba aliposikia watu wakimsifu, akamwongezea maskini watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri huyohuyo anasema sultani alikuwa akivamia nchi za bara mara kwa mara na kurudi na ngawira. Ukarimu ulihesabiwa kwa vichwa vya watu. Nimesoma orodha yote, vifungu thelathini na viwili. Yapo maombi ya deraya, ya rangi za vilemba, hata ya aina ya mbao za milango. Mateka hawamo. Nilipowauliza, walinyamaza, kisha mmoja akasema kwamba hilo “litaharibu mchezo”. Huenda. Lakini Kilwa yenye pembe na dhahabu bila waliozibeba ni pambo la ukutani.

Wenzangu wa taaluma, najua mnavyocheka. Mnaona ni upuuzi wa watoto. Nawakumbusha kwamba mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alikaa Pate akatunga Utenzi wa Tambuka, habari ya vita vya karne ya saba dhidi ya Herakli mfalme wa Warumi, katika nchi ambayo hadithi yenyewe ilikuwa imeongezwa chumvi tangu zamani. Tunaufundisha kama nguzo ya fasihi yetu, na ni nguzo kweli. Hamu ya kupigana vita vya kale vya mbali haikuanza na umeme. Nimewahi kujiuliza kwa nini Pate iliyojaa vita vyake yenyewe ilivililia vya Tabuki, na sijapata jibu linaloniridhisha. Lakini siwezi kumheshimu Mwengo nikawadharau hawa wa Bustan.

Wala wasiochezesha midomo yao leo wasishangae wengine wakiandika kwa niaba yetu. Mwaka 2015 mchezo wa Age of Empires II ulitolewa na nyongeza iitwayo The African Kingdoms. Falme za Kiafrika zilikuwa nne: Waberberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno. Ndiyo, Wareno, na shujaa wao wa kuchezwa ni Francisco de Almeida, aliyeiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Waswahili hawakupewa dola. Miaka miwili baada ya Kilwa, mwaka 1507, Albuquerque aliichoma Maskati. Hapo ndipo pwani hizi mbili zinapokutana katika karne wanazozitaka vijana: zilipokea mizinga ileile.

Ningeomba nini mahali pa kifungu cha saba? Upepo. Kaskazi ivume miezi yake na kusi miezi yake, na atakayechelewa kutweka abaki Kilwa mpaka msimu ugeuke, alipe kodi ya nyumba, akope kwa Mhindi, aoe. Kilwa iwe dola peke yake, na Hormuz peke yake, na Wanabahani peke yao milimani, na Sofala mahali ambapo kila mtu anataka kwenda na hakuna awezaye kwenda kwa miguu. Vyombo vishonwe, vipesi na vyenye kuvuja, vikikutana na merikebu ya mizinga visiwe na hila yoyote.

Niliwaambia haya barazani. Mkubwa wao akajibu kwamba dola bila farasi haitashinda vita hata kimoja na hakuna atakayeichagua. Mdogo wake, ambaye muda wote alikuwa akitazama simu, akauliza nguo za kuzunguka kisiwa kizima zingekuwa majora mangapi. Orodha haijatumwa bado.