Mboga za Majani si Chakula cha Unyonge

Huko Karema, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, samaki ni riziki na ndiye kitoweo. Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu wa visiwani. Neema hiyo si ya kubezwa. Lakini kijana akiamini kwamba mchicha, matembele na kisamvu ni chakula cha mtu aliyekosa, hapo pana hatari.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Hilo si jambo la anasa. Mwanamke kijana huhitaji foleti, vitamini iliyomo katika mboga za majani, tangu majuma ya kwanza ya ujauzito, mara nyingi kabla hajajua kuwa ni mjamzito. Akingoja kliniki ndipo aanze kuzila, sehemu ya kinga ya mtoto imekwisha kumpita.

Wapo wasemao kwamba vijana hawali mboga kwa ukaidi tu. Sisi hatukubaliani nao. Kijana hula anachokikuta, anachokimudu na anachoona wenzake wakila. Mvuvi arejeaye alfajiri hula kwa mama lishe. Akikuta wali na samaki tu, atakula hivyo. Mboga iliyochemshwa hata ikapoteza rangi na ladha ataisukuma pembeni. Aliyezizoea tangu utotoni haoni haya kuziagiza ukubwani. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi.

Taifa letu lina mfano wa kuiga. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, hazikuishia kwenye amri. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakatenda pamoja. Kijana aliyemwona mwenzake akilima bustani hakuhitaji hotuba ndefu.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tulikumbushwa kwamba sahani inayotegemea kitoweo kimoja ni sahani yenye mashaka.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa viongozi wa vijiji na wilaya: wapeni vijana ardhi ya bustani, nje ya zile mita 60 za ufuko zinazolindwa na sheria, na kila shule iwe na bustani ambayo mavuno yake yanaliwa na wanafunzi wenyewe. Mama lishe nao waziive mboga kwa muda mfupi, kwa mafuta kidogo, nyanya na ndimu, wazipakue pamoja na samaki bila kungoja kuombwa.

Afisa anayehimiza mboga mkutanoni, kisha akaagiza nyama tupu mbele ya vijana, amebomoa alichokijenga. Tuanze na sahani zetu wenyewe.